Shajara ya mradi: kuupanga upya mtandao wa ofisi, Kurasini

Jumatatu. Hali niliyoikuta

Ofisi ni ya wakala wa forodha, ghorofa ya kwanza, Kurasini, Dar es Salaam, upande ambao malori ya bandarini yanapanga foleni tangu alfajiri. Mzee, yaani mwenye kampuni, amenikabidhi kazi kwa karatasi moja: tenganisha mtandao wa ofisi na wa wageni, kamera ziwe na njia yake, kila waya uwe na lebo, na yaachwe maandishi ili siku nikiumwa mtu mwingine aweze kuingia. Mimi ni mwajiriwa hapa, si fundi wa kuitwa anayemaliza na kuondoka. Nitakayemkasirisha leo, kesho nitakunywa naye chai.

Swichi ya poti 24, kifaa cha kuunganishia nyaya za kompyuta, nimeikuta stoo, juu ya boksi la risiti za zamani, imezungukwa na nyaya ambazo hakuna hata mmoja wenye lebo. Boksi la faiba la mtoa huduma limening'inizwa kwenye msumari. Pasiwedi ya waifai imeandikwa kwa maka peni kwenye ukuta wa mapokezi, na muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara anaijua vizuri kuliko baadhi ya wafanyakazi.

Nilishuka nikakaa kwenye benchi la madereva, nikaunganisha simu yangu kwa pasiwedi hiyo hiyo ya ukutani, nikafungua programu ya mafaili. Folda ya ofisi ikajitokeza yenyewe bila kuuliza mimi ni nani: invoisi, bili za ledingi (hati za mizigo ya meli), TIN za wateja, nakala za pasipoti. Dereva aliyekaa pembeni akimenya karanga angeweza kuyaona yote hayo kama angejisumbua kugusa mara mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo hili si jambo la kuambiana "tutaangalia". Nimepiga picha ya kioo cha simu, nimemtumia Mzee. Amejibu: "Endelea."

Jumanne. Pasiwedi ya ruta

Pasiwedi ya kuingia kwenye boksi la mtoa huduma anayo msimamizi wa oparesheni. Ni kaka wa mke wa Mzee, na ofisi nzima inamwita Shemeji, mpaka wateja. Haki yake nimpe: mtandao huu aliufunga yeye, wakati ofisi ina kompyuta chache na hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo. Nyaya alizozikrimpi, yaani alizozibana kwenye plagi, kwa mpangilio wake mwenyewe wa rangi bado zinafanya kazi, zile fupi.

Nimemwamkia, nimemweleza mradi, nimeomba pasiwedi.

"Ipo. Ngoja kwanza nimalizane na hii meli."

"Sawa Shemeji. Nikufuate jioni?"

"Wewe usiwe na wasiwasi. Tupo."

Alhamisi

Bado tupo.

Nimempigia mtoa huduma. Akaunti ya faiba imesajiliwa kwa jina la Shemeji na namba ya simu ya Shemeji. Kampuni inalipa kila mwezi, lakini kwa mtoa huduma kampuni haipo. Kubadilisha jina kunahitaji barua yenye muhuri, nakala ya TIN, leseni ya biashara, na mwenye jina la sasa akubali. Ningeweza kuingiza pini kwenye kile kitundu cha nyuma nikalirudisha boksi mwanzo, ila jina na pasiwedi ya kuunganishia faiba vingefutika pamoja, na deklaranti, wanaoandaa nyaraka za forodha, wana kadhia (maombi ya kutoa mizigo) za kuingiza kwenye mfumo wa forodha. Mzigo ukichelewa kutoka bandarini, gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabika, na hakuna mteja atakayezilipa kwa moyo mkunjufu kwa sababu ya pini yangu. Sitaligusa.

Mama Hesabu, mhasibu wetu, amenisikiliza huku anagonga kalkuleta yake. "Mwanangu, huyo hatakunyima. Atakuzungusha mpaka uombe basi."

Nimeamua kutoisubiri pasiwedi. Ruta mpya ya MikroTik itakaa nyuma ya boksi la mtoa huduma na kuchukua intaneti kutoka kwake kama kompyuta nyingine yoyote. Hii ni NAT juu ya NAT, yaani ruta mbili zinazoficha kompyuta za ndani nyuma ya anwani moja, haipendezi, na siku mtu akitaka kuziangalia kamera akiwa nyumbani italeta usumbufu. Lakini kadhia zitapita, na kila kitu cha ndani kitakuwa mikononi mwa ofisi. Boksi la Shemeji libaki na pasiwedi yake.

Jumamosi mchana, ofisi ikiwa tupu

Ruta mpya na swichi mpya ya kusimamiwa, inayopokea maagizo ya poti moja moja, zimeingia. VLAN ni mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja: VLAN 10 ni ya ofisi, 20 ya wageni, 30 ya kamera. Ofisi inapata anwani za 10.10.10, wageni 10.10.20, na ukuta wa moto, kizuizi kilicho ndani ya ruta, hauruhusu mgeni kuvuka kwenda ofisini. Nimerudi kwenye benchi la madereva na simu yangu: folda haionekani. Waifai ya ghorofa nzima ilikuwa imejazana chaneli ya 6 pamoja na majirani. Zetu nimezigawa 1 na 11.

Nyaya ndizo zilizokula muda. Ule wa kwenda chumba cha deklaranti una urefu wa kutosha kuonyesha ubaya wake: rangi zimepangwa vivyo hivyo pande zote mbili, kwa hiyo kipimo cha taa nane kinasema uko sawa, lakini nyuzi za 3 na 6 zimetoka kwenye jozi mbili tofauti. Nyuzi zisizosokotana pamoja hazikingani na kelele, na kompyuta za huko zilikuwa zinashuka mpaka megabiti 10 bila kumwambia mtu. Nimekata, nimekrimpi upya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zimepanda zenyewe mpaka 1000.

Pasiwedi ya ukutani nimeifuta kwa spiriti. Ya wageni imewekewa kikomo cha kasi.

Jumanne. Mtandao "unakatika"

Asubuhi ilianza vizuri. Kabla ya saa tano printa ikapotea kwa deklaranti wawili, lakini si kwa wote. Folda ya ofisi hivyo hivyo: huyu anaiona, aliyekaa naye meza moja haioni. Intaneti wanayo wote, ila ya hao wawili inajikokota. Baada ya saa sita hata hiyo ikafa kabisa, kwao tu.

Tatizo linalochagua watu haliko kwenye faiba. Nimekaa kwenye kompyuta ya mmoja wao nikaandika ipconfig /all. Anwani yake ni 192.168.0.105. Hiyo si yangu. Chini kidogo, aliyemgawia: 192.168.0.1. Kuna mtu mwingine anayegawa anwani ndani ya nyumba.

Kwa asiyejua: kompyuta ikiwaka hupiga kelele mtandao mzima kuomba anwani, na huchukua ya yule anayewahi kujibu. Haiulizi kibali. Wakiwepo wagawaji wawili, ofisi inagawanyika kwa bahati nasibu, na waliomwangukia mgawaji wa pili wanakaa kwake, kwa sababu muda wa kukodi anwani ukifika nusu wanarudi kwa yule yule kuongeza. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kulikuwa kunawaponya baadhi na kuwatia ugonjwa wengine, na kila mtu alikuwa na nadharia yake.

Kumpata ni kazi ya dakika chache ukiwa na swichi ya kusimamiwa. arp -a inanipa namba ya kifaa chenye 192.168.0.1, jedwali la swichi linaniambia namba hiyo imeingilia poti gani. Poti 17. Lebo niliyoibandika mwenyewe Jumamosi: "Oparesheni, ukuta wa dirishani".

Chini ya meza ya Shemeji, nyuma ya pea ya viatu vya bandarini, kuna ruta ndogo ya laini ya simu. Kebo moja inakwenda kwenye kompyuta yake, nyingine kwenye tundu la ukutani. Nia yake inasomeka: alitaka intaneti yake mwenyewe, isiyo na kikomo changu, na wakati huo huo printa ya ofisi asiikose. Kumbe nusu ya chumba cha deklaranti walikuwa wanapita kwenye laini yake. Kilichokufa baada ya saa sita ni bando lake.

Hakuwepo, alikuwa bandarini. Sikuchomoa. Kitu cha mtu mezani kwake hakichomolewi akiwa hayupo, hasa mtu huyu. Nimeizima poti 17 kwenye swichi, nikamtumia ujumbe: "Shemeji, nimefunga tundu la ukutani kwako kwa muda, kuna mgongano wa anwani. Ukirudi tuongee." Tiki mbili za bluu. Jibu hakuna.

Jumatano

Mzee ameniita. "Naambiwa tangu uuguse huu mtandao unakatika, na jana umemfungia mwenzako asifanye kazi."

Sikutaja jina. Nimemwonyesha karatasi mbili: anwani zilizogawiwa asubuhi ile na nani aliyezigawa, na namba ya poti. Nimesema kuna kifaa kimechomekwa poti 17 kinachogawa anwani ndani ya mtandao wa ofisi, hata kama kingechomekwa na mimi matokeo yangekuwa yale yale. Mzee ameisoma karatasi muda mrefu kuliko inavyostahili. Anajua poti 17 ni nani. Mwishoni akasema, "Haya mambo mengine ni ya nyumbani. Wewe hakikisha kazi zinakwenda."

Nimetoka hapo na maagizo mawili yanayopingana, ambayo ndiyo aina ya maagizo yanayotoka kwenye kampuni za ndugu.

Kwa upande wa ufundi jibu lipo. Nimewasha ulinzi wa DHCP, yaani wa ugawaji wa anwani, kwenye swichi: poti inayotoka kwenye ruta yangu ndiyo pekee inayoaminiwa kugawa anwani, ofa yoyote inayotoka poti nyingine inatupwa pale pale. Poti 17 nimeifungua. Anaweza kuchomeka ruta kumi, hazitasikika nje ya chumba chake.

Majungu hayana swichi. Mchana dada wa mapokezi ameniuliza kama ni kweli naona meseji za watu za WhatsApp. Nimemwambia sioni, zimefungwa kwa usimbaji na hata ningetaka nisingeweza. Akacheka, ila simu akaigeuza kifudifudi. Mwingine ananishauri nimtishie Shemeji kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Sheria haiokoi mtandao wa ofisi yenye meza ishirini, ingetuhamishia tu ugomvi polisi na Mzee angelazimika kuchagua kati ya fundi na kaka wa mkewe. Sihitaji kubashiri angechagua nani.

Ijumaa. Benchini

Jambo ambalo ningepaswa kuligundua bila kompyuta nimeligundua nikinunua vitumbua. Dereva mmoja alipanda ngazi akauliza, "Shemeji yupo? Nataka waifai." Mwingine nyuma yake, vivyo hivyo. Kwa miaka yote dereva aliyekwama foleni anayetaka kuongea na familia Tunduma au Lubumbashi alikuwa anapanda kwa Shemeji. Naye hao madereva ndio wanaompigia simu kwanza lori likipata nafasi, ndio wanaomwambia geti gani limefunguka. Nilipofuta ule ukuta nilifuta pasiwedi mbovu, na pamoja nayo sababu ya watu kumtafuta.

Hilo halihalalishi ruta chini ya meza. Lakini linaeleza kwa nini pasiwedi "ipo" na haiji.

Mama Hesabu amenikumbusha jingine. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikawa inakokota intaneti, aliyekesha hapa akibadilisha laini moja baada ya nyingine mpaka kadhia za watu zikaingia ni Shemeji, na ruta aliyoitumia ni ile ile ya chini ya meza. Hakuna aliyemrudishia hela ya bando.

Jumatatu iliyofuata. Pendekezo

Nimemfuata Shemeji ofisini kwake, mlango wazi, bila karatasi.

"Shikamoo Shemeji."

"Marahaba. Umekuja kunifungia tena?"

"Nimekuja kuomba ile ruta yako."

Akanyamaza. Nikamweleza: ofisi haina njia ya akiba. Faiba ikikatwa na trekta la barabarani tunakaa tunatazamana. Nataka ruta yake iingie kwenye kabati, ichomekwe kwenye mlango wa pili wa MikroTik, njia ya faiba iwe na umbali 1, itumike kwanza, na yake umbali 2. Faiba ikifa trafiki inahamia kwake yenyewe, ikirudi inarudi. Bando lilipwe na kampuni. Halafu wageni: badala ya pasiwedi moja ya kila mtu, ruta inatoa vocha, kila moja na namba yake na saa zake, na mtu mmoja ndiye anayezigawa. Nadhani anayefaa ni yeye.

"Vocha hizo mimi ndiye nitazichapa?"

"Unazichapa mwenyewe, ukurasa wako peke yako."

Aliuliza maswali mazuri, kusema kweli. Dereva akibadilisha simu inakuwaje? Kwa hiyo nimezifunga kwa muda, si kwa kifaa. Akauliza kama ukurasa huo unaona mtandao wa ofisi. Hauoni. Akaangalia dirishani, akasema bando la Mei lile lilikuwa pesa.

Mama Hesabu hakupenda. "Unamzawadia mkorofi." Labda. Ila hela ya bando la Mei ameitoa kwenye pesa ndogondogo bila kuambiwa mara ya pili, na vocha ya malipo ameniletea mimi nisaini kama shahidi.

Jumatano

Pasiwedi ya boksi la mtoa huduma imekuja, imeandikwa nyuma ya kadi ya biashara. Ilikuwa ile ile ya kiwandani iliyobandikwa chini ya boksi. Sikusema kitu. Nimeibadilisha, nimeweka boksi katika hali ya daraja, lipitishe intaneti tu, NAT ya pili imeondoka.

Ruta ya laini iko kabatini na lebo yake: "Akiba. Oparesheni." Tumejaribu kwa kuchomoa faiba mchana kweupe, Mzee akiangalia. Kompyuta zilisita, ukurasa wa forodha ukazunguka kidogo, ukafunguka. Shemeji alikuwa amesimama mbele yangu kidogo wakati Mzee anatikisa kichwa. Sawa.

Jumatatu. Kamera

Kamera hazikurekodi Jumamosi mchana mpaka Jumapili. Kabla sijapanda ngazi nimeambiwa na watu wawili tofauti kwamba "huyo mtu wako ameanza tena".

Logi ya ruta inaonyesha iliwaka upya, na mistari ya kwanza baada ya kuwaka ina tarehe ya Januari 1970. Ruta hii haina betri ya saa. Umeme ukikatika inaamka haijui mwaka mpaka iulize saa kwenye intaneti. Kwa hiyo ilizimika kabisa, UPS, yaani betri ya akiba, nayo iliisha. Je, TANESCO? Kompyuta ya Mama Hesabu iliyoachwa inawaka haina dalili ya kuzimika, na friji ya ofisi maziwa yake ni mazima. Umeme ulikuwepo. UPS ndiyo iliyokosa umeme.

Picha za mwisho za kamera ya korido ziko wazi kabisa. Kijana wa kutumwa anaingia stoo ameshika birika la umeme na kifuko cha majani ya chai. Anatoka na birika linafuka moshi. Plagi ya UPS ilibaki sakafuni.

Nimemwonyesha Mzee na Shemeji pamoja, ili ile "ameanza tena" ifie hapo. Shemeji alicheka mpaka akakaa. Kijana amepewa soketi ya chai jikoni. Stoo imepata kufuli. Funguo mbili, moja kwangu, moja droo ya Mama Hesabu, anayechukua anasaini daftari. Shemeji aliomba ya tatu. Nimemwambia aombe kwa Mzee kwa maandishi, hajaomba.

Ijumaa. Makabidhiano

Ramani ya poti imechapishwa na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Nakala ya mipangilio ya ruta na swichi iko kwenye flashi, pamoja na pasiwedi zote kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mfuniko, ndani ya sefu ya Mzee. Pasiwedi ya swichi anaijua Mzee na mimi.

Yaliyobaki: akaunti ya faiba bado ina jina la Shemeji. Barua imegongwa muhuri, nakala zipo, anasema atakwenda dukani kwa mtoa huduma wiki ijayo kwa sababu wiki hii kuna meli. Nimeiweka kwenye kalenda ya Mzee, si yangu. Betri ya UPS imechoka tangu ile siku ya birika, nukuu ya bei imeombwa. Kamera ya geti inahitaji kebo mpya, ya sasa inapita nje bila bomba na jua limeanza kuipasua.

Vocha za wageni zinakwenda. Leo Shemeji ameniuliza kama inawezekana kutengeneza ya mwezi mzima, kwa mtu wake. Nimemwambia inawezekana, ikisainiwa na Mzee. Akaguna, akachapa ya saa nne.